Ba, shanga 108 na swali la kukariri

Najua nimepotea, wiki ya tano hii sijaandika kitu. Asaimenti zimebanana kama abiria wa mwendokasi saa 12 jioni, na bumu ndo kama mnavyolijua, likiingia linakuta madeni yanalisubiri mlangoni. Ila kuna jambo limenikaa kichwani na nisipolitoa hapa hata hiyo UE itanishinda. Leo ni ndefu kidogo, tafuta pa kukaa.

Naongelea mantra. Ndiyo, ile ya Hare Krishna, ambayo wengi wetu tunaijua kwa kusikia tu, au kwa utani.

Imetokea hivi. Kuna mwenzangu wa kozi, binti wa Kihindu wa Upanga (mwenyewe kaniruhusu kuandika, ila majina hapana). Anaishi na mama yake na bibi yake, ambaye nyumbani wote wanamwita Ba. Sisi wa Elimu tulikuwa na mjadala wa semina, kukariri dhidi ya kuelewa, na kundi letu lilipangiwa upande wa kuelewa. Tukamshusha Bloom na ngazi zake za mwaka 1956, ambapo kukumbuka kumewekwa chini kabisa. Tukamshusha na Freire na elimu yake ya benki, yaani mwalimu anaweka, mwanafunzi anatunza, basi. Makofi tukapigiwa. Tulipotoka nje yule binti akaniuliza pembeni, kwa upole kabisa: "Sasa Ba wangu anayerudia majina matatu yaleyale tangu ana miaka 7, yeye mnamweka ngazi ya ngapi?"

Nikamwambia kabla sijajibu anipe kwanza somo la hayo majina. Akanipa, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maktaba, na mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye. Nawamegea.

MAJINA MATATU

Mantra yenyewe ina maneno 16, lakini majina ni matatu tu: Hare, Krishna na Rama. Hare inatokea mara 8, Krishna mara 4, Rama mara 4. Kwa Kisanskriti ni silabi 32. Ukiisoma polepole haizidi sekunde 10, ukizoea ni 4 au 5.

Krishna maana yake ya kawaida kwa Kisanskriti ni "mweusi". Nilipoambiwa hivyo nilicheka, manake kwenye picha zote za kalenda za maduka ya Kariakoo nimezoea kumwona wa bluu. Waumini wanaongeza maana nyingine, kwamba ni Yule anayevuta mioyo ya wote. Rama wanamweleza kuwa ni chemchemi ya furaha, na kwa Wahindu wengi ni yule mfalme Rama wa Ayodhya. Hare ndo lenye maelezo marefu. Wengine wanasema ni Hari, jina la Vishnu, yule anayeondoa uovu na huzuni. Wafuasi wa Chaitanya wanasema ni Hara, yaani Radha, mpenzi wa Krishna, ambaye kwao ndiye nguvu ya upendo ya Mungu mwenyewe. Kwa hiyo kwao kila ukisema Hare unaanza kumwita mama ili akupeleke kwa baba. Sisi wa nyumba za Kiafrika hilo tunalielewa bila kufafanuliwa, ada ya shule umeanza kuiombea kwa nani?

Sasa sikia kitu kilichonigusa mimi kama mwanafunzi wa lugha. Kisanskriti kina umbo maalumu la jina pale unapomwita mtu. Hari ukimwita anakuwa Hare. Na maneno yote 16 ya mantra hii yako kwenye umbo hilo la kuita. Hakuna kitenzi hata kimoja. Hakuna "nipe", hakuna "niokoe", hakuna "nisamehe". Ni kuita mwanzo mpaka mwisho, kama vile sisi tungesema "Ee fulani, ee fulani", halafu ukanyamaza bila kusema shida yako. Wenyewe wanafananisha na mtoto mchanga anayemlilia mama. Mtoto hana sentensi, lakini mama anajua anaitwa.

JINSI INAVYOFANYWA

Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza inaitwa kirtan, ya watu wengi. Kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, kuna harmoniamu, kuna ngoma ya mridanga yenye nyuso mbili, kuna matoazi madogo ya mkononi. Inaanza taratibu kama ngonjera, inakuja kuishia watu wako juu wanaruka. Ukipita mtaa wa Kisutu kwenye yale mahekalu jioni ya sikukuu utasikia nyimbo za namna hiyo mpaka barabarani.

Ya pili inaitwa japa, ya mtu mmoja na shanga zake. Uzi una punje 108 na moja kubwa ya kichwa ambayo haihesabiwi. Kwa wafuasi wa Krishna punje hizo huchongwa kwenye mti wa tulasi. Tulasi ni ndugu kabisa wa mrehani na kivumbasi, ukoo mmoja. Shanga zinakaa ndani ya mfuko wa kitambaa, unaingiza mkono wa kulia, kidole cha shahada kinabaki nje kwenye tundu lake kwa sababu hakigusi shanga. Unashika punje kwa kidole gumba na cha kati, unasema mantra nzima, unasogea punje inayofuata. Unasema kwa sauti ya kujisikia mwenyewe, siyo kwa moyo tu, manake sikio nalo lina kazi yake: ulimi unasema, sikio linasikiliza.

Ukimaliza 108 unafika kwenye ile punje ya kichwa. Huivuki. Unageuza uzi na kuanza kurudi ulikotoka. Hapo umemaliza mzunguko mmoja.

Waumini waliopokea daraja kwenye jumuiya ya ISKCON wanaahidi mizunguko 16 kila siku, yaani mantra 1,728, yaani majina 27,648. Aliyezoea mzunguko mmoja anautoa kwa dakika 7 hivi, kwa hiyo 16 ni karibu saa 2 nzima. Wengi wanaifanya alfajiri kabla jua halijachomoza. Sisi alfajiri tunaamka kuwahi siti ya mbele kwenye lekcha na tunaona tumetenda makubwa, hehe.

Ba siyo wa jumuiya hiyo. Yeye ni Mgujarati wa Tanga, mantra kaipokea kwa mama yake, na idadi yake tangu zamani ni mizunguko 4 asubuhi na 2 jioni. Hakuna aliyempangia.

ILIVYOSAFIRI

Mantra ipo kwenye andiko fupi linaitwa Kali-Santarana Upanishad. Humo Narada anamuuliza Brahma mtu wa zama hizi mbaya atavukaje, anatajiwa majina hayo 16. Kisha Narada anauliza masharti yake, anajibiwa kwamba masharti hayapo: uwe msafi, usiwe msafi, yaseme tu. (Kwenye andiko lile Rama anatangulia. Wafuasi wa Chaitanya wanaanza na Krishna.)

Chaitanya ndiye aliyeitoa mantra barabarani. Alizaliwa Nabadwip, Bengal, mwaka 1486, akafariki 1534 huko Puri. Alikuwa mwalimu, wadau, ana shule yake ya sarufi! Akaacha, akawa anapita mitaani na watu wakiimba. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba kadhi wa mji alichoshwa na kelele, akavunja ngoma na kupiga marufuku. Chaitanya akakusanya umati wenye mienge wakaenda mpaka nyumbani kwa kadhi. Ungetegemea damu. Lakini walipokaa, kadhi akamkumbusha kwamba kwa ujirani wa kijiji yeye anahesabika mjomba wake, na mjomba anamvumilia mpwa hata akikasirika. Wakaongea, marufuku ikaondoka. Na mmoja wa watu wake wa karibu kabisa, Haridasa, alizaliwa kwenye familia ya Kiislamu. Masimulizi yanasema alikuwa akitaja majina 300,000 kwa siku.

Tuje huku kwetu. Mwaka 1965 mzee wa miaka 68 kutoka Calcutta, Prabhupada, alipanda meli ya mizigo kwenda Marekani. Mwaka uliofuata akaanzisha ISKCON jijini New York, akakaa chini ya mti kwenye bustani ya Tompkins Square akaimba na vijana wenye nywele ndefu. Mwaka 1969 George Harrison wa Beatles aliwarekodi waumini wa London mantra hii ikapigwa redioni, ndo dunia ikaijua. Na mwaka 1971 Prabhupada alikuja Nairobi. Akiwa huko alisisitiza kwamba jambo hili lisiishie kwa Wahindi tu, milango ifunguliwe Waafrika waingie. Nalitaja hili kwa sababu kuna mdau ataniuliza "hayo ya Wahindi yanakuhusu nini?" Kumbe mwenye mantra yake alishalijibu zamani.

IJUMAA KWA BA

Haya, sasa lile lililonifanya nisilale.

Ba anaumwa ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, ukaja kwenye majina ya wajukuu, sasa hivi mwanawe mwenyewe anamwita dada. Ijumaa moja yule binti alikuwa ampeleke mama yake kliniki na hakuna wa kubaki na Ba, akaniomba nikae kwa saa 2. Nikaenda.

"Shikamoo Ba."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia. Akauliza kama nimekunywa chai. Baada ya dakika 5: "Wewe mtoto wa nani?" Nilijitambulisha labda mara 11 siku ile, na mara zote 11 alinikaribisha chai vizuri kama mgeni mpya.

Binti alikuwa ameniachia maelekezo: giza likianza kuingia, Ba huwa anataka kwenda kwao Tanga. Anafungasha. Ukimkatalia analia, ukimdanganya anajua. "Akianza, mpe mfuko wa shanga, halafu umwanzishie."

"Nimwanzishie nini?"

"Mantra. Neno la kwanza tu, zingine anamalizia."

Mimi ni mtoto wa rozari jamani. Nimekulia kwenye jumuiya ndogondogo, nimetumikia altare. Nilimwambia binti sawa, lakini moyoni nilikuwa naomba hiyo saa 12 isifike.

Ikafika. Ba akainuka, akachukua kanga mbili na picha ya ukutani akaanza kuzifunga. "Basi la Tanga linaondoka." Nikamwambia Ba kaa kwanza. Akanitazama kwa woga, yaani woga kabisa, kwamba kuna kijana asiyemjua ndani ya nyumba anamzuia mlangoni. Mikono ilianza kumtetemeka.

Nikachukua mfuko kwenye kiti, nikamuingizia mkono taratibu. Vidole vikajipanga vyenyewe, gumba na cha kati, kile cha shahada kikatoka nje kwenye tundu lake. Lakini mdomo haukuanza. Ananitazama tu, anasubiri. Kama kwaya inavyosubiri anayeanzisha wimbo.

Nikasema, "Hare."

Akaendelea. Neno la pili, la tatu, mpaka la 16, halafu punje ikasogea. Hajakosea mpangilio hata mara moja. Mtu ambaye hajui mwaka huu ni mwaka gani, mara mia na kitu mfululizo. Kanga zikabaki sakafuni. Alipofika punje kubwa hakuivuka, aligeuza uzi bila kuangalia, akarudi. Katikati ya mzunguko wa pili akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Chai umekunywa?" Nikasema ndiyo Ba. "Haya," akasema, akaendelea na punje yake.

Waliporudi kutoka kliniki walitukuta hivyohivyo.

MWENZANGU WA CHUMBANI

Nilipomsimulia mwenzangu wa chumbani aliweka kitabu chini. Yeye ni mlokole wa kweli, siyo wa Jumapili tu, na nampenda kwa hilo. Akaniambia mambo mawili. Moja, nimetaja jina la mungu mwingine. Mbili, lile onyo la Mathayo sura ya 6 kuhusu kusali kwa maneno mengi yanayorudiwarudiwa.

Tulibishana mpaka saa 7 usiku. La pili nilimjibu kwa rozari yangu, mwenye makumi 5 ya Salamu Maria hawezi kumcheka mwenye shanga 108. Jirani wa chumba cha pili, Mwislamu, akagonga kulalamikia kelele, tukamuingiza kwenye mjadala. Akatoa tasbihi mfukoni, akatuonyesha 33 mara tatu anazosoma baada ya swala. Akasema kurudia siyo tatizo, tatizo ni moyo kuwa sokoni. Na kumbe Wahindu wenyewe wanasema hivyohivyo. Kwenye mapokeo ya Chaitanya kuna makosa 10 dhidi ya Jina, ukiwemo ujanja wa kutenda dhambi kwa kutegemea kwamba Jina litafuta, na kutaja huku akili haipo. Dawa wanayoitoa ni rahisi kusema na ngumu kutenda: akili ikitoroka, usigombane nayo, irudishe kwenye sauti. Ikitoroka tena, irudishe tena.

La kwanza ndo gumu, na sitajifanya nimelimaliza. Imani yangu iko palepale, Jumapili nilikuwa misani kama kawaida. Nilichomwambia ni hiki: mimi sikumwita mungu yeyote, nilimpa mama mzee mwanzo wa sala yake ili aishike mwenyewe. Kama siku moja bibi yangu atasahau Salamu Maria na aliye karibu ni kijana wa Kihindu, naomba amwanzishie. Mwenzangu akanyamaza, akasema atamuombea Ba. Hajasema nina haki. Mimi nimeridhika na hapo tulipofika.

NGAZI YA NGAPI?

Nimerudi kwenye madesa yangu ya saikolojia ya elimu. Jambo lenyewe linajulikana: yaliyorudiwa sana tangu utotoni, sala, nyimbo, kazi za mikono, mara nyingi hubaki hata kumbukumbu za majuzi zikishafutika. Kwa hiyo kilichotokea siyo muujiza. Lakini bado swali la binti lipo. Bloom alijenga ghorofa, kukumbuka chini, kutathmini juu. Kwa Ba ghorofa za juu zote zimebomoka, na kilichobaki ndicho kile tulichokidharau kwenye semina. Na pale chini hakuna giza, kuna mtu anaita na anatulia kama aliyeitikiwa.

Naona tunachanganya vitu viwili. Kuna kukariri tarehe za mikataba ya wakoloni ili uzimwage kwenye mtihani, ukitoka nje umeshazisahau. Na kuna kurudia jina la unayempenda. Hiki cha pili hakikufanyi uelewe zaidi kila mara, kinakufanya uzoee kurudi. Miaka yote ile Ba hakuwa anajifunza maneno 16. Alikuwa anajifunza njia ya nyumbani.

Juzi nilimuuliza binti hali. Akasema sasa mantra nayo imeanza kukatika. Siku nyingine anaishia katikati, siku nyingine anasema neno la kwanza tu, anasogeza punje, neno la kwanza tu, anasogeza punje. Sikujua niseme nini. Yeye ndo akanisimulia hadithi ya Ajamila, iko kwenye Bhagavata Purana. Ajamila alianza vizuri akaharibika, akaishi kwa wizi na kamari, akazaa mpaka uzeeni. Mwanawe wa mwisho akamwita Narayana, ambalo pia ni jina la Mungu. Siku ya kufa, wajumbe wa Yama wamefika na kamba zao, akapiga kelele kumwita mtoto wake: Narayana! Alikuwa anamwita mtoto tu. Lakini wajumbe wa Vishnu wakaja wakawazuia wale wa kamba, kwa hoja kwamba jina limeshatajwa.

"Neno moja linatosha," binti akasema. "Sasa hivi hatuhesabu tena mizunguko."

Ijumaa hii naenda tena, mama yake ana kliniki. Nimeambiwa nije na mikate ya mofa kama nitapita Kariakoo, Ba bado anaipenda. Haya wadau, BTP inakaribia, msisahau kukusanya barua zenu za shule ofisini mapema. Mnaobisha kuhusu Bloom tuonane kafeteria, chai juu yenu.